Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Klabu Yetu ya Raga, Moshi

Ndugu wanachama, wachezaji wetu, wazazi mliofuatana na watoto, na wazee wetu mliowahi kuvaa jezi hii,

Mkutano uliopita uliiagiza kamati ianze kuandika historia ya klabu kabla wanaoikumbuka hawajatawanyika zaidi. Ndiyo kazi kubwa tuliyoifanya nje ya uwanja mwaka huu, na ndiyo nitakayoieleza kwa kirefu. Mapato na matumizi yamo kwenye karatasi mliyogawiwa mlangoni; mhazini atayasoma mwenyewe.

Raga ililetwa Afrika Mashariki na walowezi na maofisa wa serikali ya kikoloni, ikakaa ndani ya klabu zao ambamo Mwafrika aliingia kama mhudumu. Chama cha raga cha Afrika Mashariki kiliundwa mwaka 1953. Miaka miwili baadaye timu ya Lions ya Uingereza na Ireland, ikitoka ziarani Afrika Kusini, ilipita Nairobi na kuifunga Afrika Mashariki 39–12. Walirudi 1962, wakashinda 50–0. Wakati huo Tanganyika ilikuwa imeshapata uhuru, na walowezi na maofisa waliokuwa wakijaza timu za klabu hizo walikuwa wanaanza kuondoka. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mashamba makubwa ya mkonge yalitaifishwa, na kila meneja wa kigeni aliyefunga mizigo aliacha pengo kwenye kikosi fulani.

Kwa hiyo hakuna aliyetukabidhi mchezo huu. Wazee tuliozungumza nao wanakumbuka jinsi ulivyookotwa upya hapa mjini: mwalimu mmoja, vijana waliosoma Kenya wakarudi na mpira wa umbo la yai ndani ya begi, na kiwanja cha kuazima ambacho wenye soka walituachia jua likikaribia kuzama. Milingoti ya kwanza ilikuwa miti iliyokatwa na kusimamishwa kwa kukadiria kwa macho. Kanuni zinataka umbali wa mita 5.6 kati ya mlingoti na mlingoti, na boriti ya katikati iwe mita 3 kutoka ardhini. Hiyo tuliyonayo leo, iliyochomelewa na fundi ambaye ni mwanachama mwenzetu, ndiyo ya kwanza kufuata vipimo.

Matokeo ya mechi za zamani wazee hawakubaliani, na kamati imeamua kutoyaandika. Lakini jambo moja lilijitokeza katika karibu kila simulizi, nalo limenikaa moyoni. Tulipouliza, "Fulani aliachaje kucheza?", mara chache tulijibiwa kwamba aliumia au alichoka. Aliacha kwa sababu Jumamosi ni siku ya kazi. Alikuwa mpagazi, au kijana wa bodaboda, au dada mwenye meza yake ya biashara soko la Mbuyuni, na safari ya Arusha ilimnyima kipato cha siku nzima, tena nauli akatoa mwenyewe.

Hali hiyo tunayo hadi leo. Msimu wa kupanda Mlima Kilimanjaro unapochanganya, kuanzia Juni mpaka Oktoba, nusu ya wachezaji wetu wa mbele wako Machame au Marangu na mizigo ya wageni mabegani. Masika yakifika, mlima unapoa na wote wanarudi, ila ndipo kiwanja kinapokuwa tope. Nimemwona kijana ameshuka mlimani jana yake, magoti yamevimba, na bado amekuja mazoezini. Mtu wa namna hiyo hatuna haki ya kumpoteza kwa ajili ya nauli.

Jambo hili ndilo lililoigawa raga yenyewe. Kaskazini mwa Uingereza, wachezaji wengi walikuwa wafanyakazi wa viwandani na migodini waliofanya kazi hata Jumamosi. Klabu zao ziliomba ruhusa ya kuwafidia ujira waliokosa kwa kwenda kucheza. Wakubwa wa mchezo walikataa mwaka 1893, na 1895 klabu hizo zilikutana Huddersfield zikajitenga. Humo ndimo ilimotoka raga ya wachezaji 13. Waliobaki walishikilia kwamba mchezaji wa ridhaa asiguse hata senti, na marufuku hiyo haikuondolewa mpaka Agosti 1995, katika kikao cha Paris. Miaka mia moja! Mwenye mali alicheza kwa raha zake muda wote huo, na mwenye kibarua akachagua kati ya mchezo na unga.

Kamati inaleta hoja ya kuanzisha mfuko wa nauli na fidia ya kibarua. Tutamlipia mchezaji usafiri na chakula siku ya mechi ya ugenini, na kwa anayeishi kwa kipato cha kutwa tutamfidia sehemu ya siku aliyoipoteza. Najua wapo wanachama wanaohofia kwamba huo ni mwanzo wa kulipa mishahara. Nawaheshimu, na baadhi yao wamejitolea hapa kuliko mimi. Ila mshahara humlipa mtu kwa sababu anacheza. Sisi tunataka tu kucheza kusimgharimu maskini kuliko tajiri. Tutabaki klabu ya ridhaa.

Kuhusu uwanjani nitakuwa mfupi. Mechi za Arusha tumecheza, tumeshinda na tumefungwa. Kikosi cha wasichana kimesimama imara kwenye raga ya wachezaji saba, ambayo kwa klabu yenye watu wachache kama yetu ndiyo inayotubeba: kila kipindi ni dakika 7 tu. Kenya ilipoifunga Fiji 30–7 na kutwaa ubingwa wa Singapore mwaka 2016, watoto wa hapa waliona kwamba majirani zao wanaweza.

Wazazi, naomba mnisikilize kwa hili. Mchezaji akigongwa kichwa, akaonyesha dalili yoyote, anatoka na harudi siku hiyo, hata akilia, hata tukiwa nyuma kwa trai moja, yaani bao la kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani. Kwa walio chini ya miaka 19, skramu, yaani pale wachezaji wa mbele wa timu mbili wanaposhikana na kusukumana, hairuhusiwi kusukumwa zaidi ya mita 1.5. Na ardhi yetu ikikauka Januari na Februari huwa ngumu kiasi kwamba kocha ana ruhusa yangu kamili kufuta mazoezi ya kuangushana.

Picha za zamani bado tunazitafuta. Mwenye nayo ailete kwa katibu. Ataipiga nakala na kumrudishia papo hapo. Hoja ya mfuko itajadiliwa mara tu mhazini atakapomaliza, na kura itapigwa kabla ya chakula.

Mwenyekiti