Mhariri, huu siyo ukungu

Mhariri habari za kazi. Mimi ni mkulima wa mpunga huku Mvomero, Morogoro, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana ugonjwa wa bakteria wa majani ya mpunga, ambao nilidhani ni ukungu, unaniuma sana.

Msimu uliopita mpunga wangu wa aina ya SARO 5 ulianza njano kwenye ncha za majani, njano ikashuka pembeni kama mawimbi mpaka jani likakauka lote. Nikaenda duka la pembejeo nikauziwa dawa ya ukungu, nikapiga, wapi. Jirani akasema mbolea haitoshi, nikaongeza urea ndo ikawa balaa kabisa, kumbe ni bakteria na urea ikizidi ndo anashamiri.

Mtaalamu mmoja alivyonieleza nilikaa kimya. Huyu bakteria hatafuni jani, anaingia kwenye vitundu vya pembeni au penye jeraha, anakaa ndani ya mirija ya maji, halafu ana kitu kama sindano anachoma nayo seli ya mpunga na kuingiza protini zake, zinaenda moja kwa moja kuwasha jeni za mmea wenyewe zinazoitwa SWEET, hizo kazi yake kufungua milango ya sukari, basi sukari inamwagika na yeye anakula. Yaani mpunga wako mwenyewe ndo unamlisha adui!

Na huyu siyo yule wa zamani. 2019 huku kwetu Dakawa wakaonekana bakteria wa jamii ya Asia. Yule wa Afrika kati ya hizo jeni za SWEET anawasha SWEET14 tu, hawa wanawasha nyingine, tena wana protini ya kuzima kinga inayotokana na Xa1, jeni ya mpunga ya kujilinda na bakteria huyu. Watafiti wamehariri jeni za mpunga wa aina ya Komboka, pale protini ya bakteria inapokaa ili kuwasha SWEET wakapabadilisha, ikakosa pa kushika na mpunga ukahimili. Sisi mbegu hiyo dukani hatujaiona.

Ninachoomba, gazeti litume mwandishi aje awaonyeshe watu kipimo cha glasi: kata kipande cha jani linaloumwa, kiweke kwenye glasi ya maji safi, tulia dakika chache, ukiona uteute kama maziwa unashuka kutoka kwenye mkato hapo dawa ya ukungu ni hela ya bure, na mbegu ya jaruba hilo usiiweke kwa msimu ujao wala maji yake usiyaachie kwa jirani. Itoke mapema tafadhali, watu wanakaribia kumwaga mbegu kwenye vitalu.

Mkulima, Mvomero