Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Utafiti: barafu haisubiri saini

Ndugu Mkurugenzi,

Salamu nyingi. Naamini u mzima, na kalamu yako nayo ni nzima, ingawa hatujaiona ikifanya kazi tangu nilipoleta fomu ya msamaha wa kodi mezani kwako.

Juzi sanduku letu la kingamwili, protini tunazotumia kunasa sumu ya kwenye chakula, lilitoka forodha. Nililifungua mwenyewe. Barafu yote maji, lebo zimebanduka zinaelea, vichupa vina joto la chumba. Nikavijaribu hivyohivyo, kwa ukaidi tu. Mwezi uliopita, kila tulipoongeza sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, mkondo wa umeme kwenye kihisi chetu cha kuipimia ulishuka. Safari hii mstari ulinyooka kama uzi. Sampuli safi na yenye sumu, jibu moja!

Labda ghala lao halina jokofu. Labda aliyeshika ufunguo alikuwa likizo. Lakini nilipouliza, nilijibiwa kwamba walikuwa wanangoja barua ya msamaha wa kodi. Yenye saini yako.

Ulipotutembelea uliishika elektrodi yetu, kaboni iliyochapwa juu ya kipande cha plastiki, ndogo kama kijiti cha kupimia sukari. Ukatamka mbele ya wote: "Hili halitakwama kwangu." Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.

Nikukumbushe tunachokitafuta. Sumukuvu hiyo, aflatoksini B1, husababisha saratani ya ini, na kuipika hakuimalizi. Kwa vyakula vya nafaka vya watoto wachanga, Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha mikrogramu 0.1 kwa kilo. Kwa kiasi kidogo hivyo, kingamwili iliyokufa ni mbaya kuliko kukosa kipimo kabisa, kwa sababu haishiki kitu, mkondo haushuki, na sisi tunaandika "salama".

Chembechembe za dhahabu za kupaka kwenye elektrodi nilizichemsha mwenyewe usiku, macho kodo kwenye chupa hadi zikageuka nyekundu kama divai. Dhahabu hiyo nililipia kwa mshahara wangu. Nyumbani wameshaacha kuniuliza narudi saa ngapi. Mwanafunzi niliyemfundisha kazi hii ameondoka, na simlaumu.

Siombi jengo, mheshimiwa, wala gari, wala semina nyingine ya ubunifu. Naomba saini. Tena iwe kabla sanduku halijatua, si baada.

Kingamwili nyingine zimeagizwa, zinafika wiki ijayo. Fomu yake iko mezani kwako, juu ya ile ya kwanza.

Wako katika utumishi,
Mtafiti wa maabara ya vihisi