Binamu, kabla hujatupandisha Ngong

Binamu,

Salamu nyingi kutoka bara. Nimeuona ujumbe wako kwenye kundi la familia: likizo ya Agosti mnakuja, na Jumamosi moja sote, wakubwa kwa wadogo, tutembee vilima vya Ngong, huku karibu na Nairobi, mwanzo hadi mwisho. Watu wamejibu kwa vidole gumba na mioyo, hakuna aliyeuliza swali. Mimi naishi Kiserian, vilima hivyo naviona kila nikianika nguo, basi acha niulize mimi. Nakuandikia hadharani kwa sababu najua si wewe peke yako unayeipanga safari hii kwa kutazama picha za watu.

Umbali usikudanganye. Kutoka lango la KFS, yaani shirika la misitu la Kenya, upande wa mji wa Ngong hadi Kona Baridi, njia inakoishia, ni kilomita kumi na kitu. Ukisikia hivyo utasema ni matembezi ya asubuhi. Lakini njia inafuata mgongo wa vilima, na kila kilima ukishakimaliza unateremshwa tena, halafu kinachofuata kiko mbele yako kimesimama wima. Wenyeji wengi huvihesabu saba. Kilele cha juu kabisa kina mita 2,460 juu ya usawa wa bahari, na nyinyi mnatoka pale pale kwenye bahari. Mtu wa Mombasa mwenye afya zake ataanza kuhema kilima cha kwanza, na si uvivu, ni hewa. Kwa hiyo ile hesabu yako ya kushuka treni Ijumaa usiku na kupanda asubuhi yake, ifute. Njooni Alhamisi, mlale, mzoee.

Halafu Agosti yenyewe. Huku ndio mwezi wa baridi na mawingu. Asubuhi ukungu unaweza kukaa juu ya vilima hadi saa nne, na manyunyu yanatosha kuifanya njia iteleze. Upepo sisemi. KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, hawakuweka mitambo yao pale kwa ajili ya urembo; ya kwanza ilisimama mwaka 1993, na leo kituo kina uwezo wa megawati 25.5, zote za upepo huo huo utakaoipeperusha kofia yako hadi Bonde la Ufa. Mkibahatika mawingu yakafunguka, kushoto mtaona Nairobi, kulia bonde limetanda kuelekea Magadi, kavu na la rangi ya udongo. Ila miti ya kujikinga huko juu ni michache mno. Kila mtu awe na koti la kuzuia upepo, hata yule anayejiona ana damu moto.

Sasa viatu, na hapa nitakaa kidogo. Watu huogopa kupanda, lakini kinachowamaliza ni kuteremka. Mteremko una changarawe ndogo zinazobingirika chini ya soli, na ukiteremka umenyoosha magoti, vidole vya miguu vinagonga ncha ya kiatu hatua baada ya hatua. Kufikia kilima cha nne kucha la kidole gumba limeshaanza kuwa jeusi. Mwambie kila mtu akate kucha siku mbili kabla, avae soksi nzito, afunge kamba vizuri kwenye kifundo, na ateremke kiubavu, magoti yamelegea, hatua fupi fupi. Viatu vipya vya dukani visiletwe. Raba iliyokwisha soli pia ibaki Mombasa.

Maji ni lita tatu kwa mtu mzima, na yabebwe tangu chini, usitegemee kuyapata njiani. Chakula cha njiani kiwe cha kuliwa umesimama: mayai ya kuchemsha, ndizi, viazi vitamu, karanga. Na ile spika yako ya muziki, tafadhali, iache nyumbani. Kuna watu wanachunga ng'ombe kule, si ukumbi wa harusi.

Kiingilio kinalipwa kwa simu, hivyo hakikisheni kuna pesa kwenye laini kabla ya kufika langoni. Hapo hapo ulizia askari wa misitu wa kuwasindikiza, mpatane malipo kabisa. Kundi kubwa lenye simu mikononi linavutia macho, na vichakani nyati wapo.

Jambo ambalo hujaligusa kabisa ni mwendo. Wewe ni mtu wa mbele, nakujua. Siku hiyo utatembea wa mwisho, na mwendo wa kundi utakuwa wa yule mtoto wa miaka tisa. Tuanze saa moja asubuhi. Saa sita ikitukuta hatujafika nusu ya njia, tunageuka na kurudi langoni, na hilo tulikubaliane leo, sio kule juu watu wakishachoka na kila mmoja ana neno lake. Radi ikisikika tunashuka kutoka mgongoni mara moja, kilele kimebaki hatua kumi au hakijabaki.

Na mwisho wa njia je? Kona Baridi iko kwenye barabara ya Magadi, matatu za kupita pale si nyingi, na zikija hazina nafasi ya watu ishirini. Hapa ndipo shangazi anapoingia. Amesema naye anakuja, na goti lake unalijua. Yeye apande kwa gari hadi kwenye mitambo ya upepo, apige picha zake, kisha dereva amzungushe kupitia Kiserian hadi Kona Baridi atusubiri huko. Basi dogo la kukodi liwe hapo kuanzia saa nane. Sufuria la pilau liende na shangazi, vinginevyo litafunguliwa kabla hatujavuka kilima cha pili.

Nitumie majina na umri wa kila mmoja kabla ya mwisho wa mwezi, nianze kutafuta basi.

Binamu yako,
Kiserian