Aluminiamu inayokataa rangi: tukague waya na joto kabla ya kuongeza asidi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika safu hii kwamba vipande vya aluminiamu anavyovifanyia anodaizi nyumbani kwake hapa Mwanza vinatoka na mabaka au havishiki rangi kabisa, na kwamba kila akiongeza asidi mambo yanazidi kuharibika. Naamini kasoro yake haiko kwenye rangi, na asidi anayoiongeza ndiyo inayomzidishia hasara, kwa kuwa wengi wanaoanza kazi hii katika ukanda wetu wa ziwa husumbuliwa zaidi na mguso mbovu wa waya na joto la beseni.

Kwa wasioifahamu, anodaizi ni kupitisha umeme wa betri au wa chaja katika asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, kipande cha aluminiamu kikiwa upande wa chanya na bati la risasi au la aluminiamu likiwa upande wa hasi, ili juu ya kipande ikue ngozi ngumu ya oksidi yenye vitundu vidogo mno vinavyonywa rangi. Viwandani ilianza Uingereza mwaka 1923, kwa ajili ya kukinga sehemu za ndege za majini zisiliwe na chumvi, ingawa asidi ya wakati ule ilikuwa nyingine.

Ngozi hiyo haipitishi umeme, na hapo ndipo tatizo la waya linapoanzia. Waya uliofungwa kilegevu huota oksidi pale pale unapogusa kipande, mkondo ukashuka hadi karibu na sifuri ndani ya dakika chache, na fundi asiyeitazama mita hukaa saa nzima akidhani kazi inaendelea. Waya uliokwisha kutumika nao una ngozi yake tayari, hivyo lazima ukwanguliwe kwa tupa au msasa hadi ung'ae kabla ya kurudishwa kazini. Uwe wa aluminiamu, na ubanwe kwa nguvu au ufungwe kwenye tundu lililotobolewa mahali pasipoonekana. Shaba na chuma visizame katika asidi hata kidogo, kwa sababu huliwa na kuuvuta umeme uliokusudiwa kipande. Mapovu mengi yanapaswa kutoka upande wa hasi. Yakitoka kwa wingi kwenye kipande chenyewe, basi nyaya zimebadilishana nafasi.

Kuhusu joto, beseni linatakiwa kubaki kwenye nyuzi 20 hivi, nasi tunaishi mahali ambapo maji ya ndoo iliyokaa uani mchana yameshazidi kiwango hicho kabla swichi haijawashwa, na umeme wenyewe huongeza joto jingine. Asidi ikipata joto huiyeyusha ngozi karibu kwa kasi ile ile inayokua, na dalili yake ni unga mweupe unaobaki kidoleni ukipangusa kipande kilichokauka. Anayeongeza asidi wakati huo anaongeza ulaji. Dawa yake ni barafu, ambayo wauza samaki wa mwalo wa Kirumba wanaijua kuliko mtu yeyote, lakini isitupwe ndani ya asidi. Beseni liwekwe ndani ya beseni kubwa lenye barafu, au chupa za plastiki zilizogandishwa na kufungwa vizuri zitumbukizwe pembeni.

Kipimo cha asidi hakina fumbo: sehemu moja ya asidi ya betri kwa sehemu mbili za maji safi ya betri yasiyo na asidi inatosha, na daima asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si kinyume chake. Mkondo uwe ampea moja na nusu hivi kwa kila eneo la sentimita 10 kwa 10, na pande zote mbili za kipande zihesabiwe, jambo linalosahaulika mno.

Yapo pia makosa ya malighafi. Mabaki ya fremu za madirisha ni aluminiamu nzuri, ila mengi yameshafanyiwa anodaizi au kupakwa rangi kiwandani, kwa hiyo umeme hauingii mpaka ngozi ya zamani iondolewe. Ile ya anodaizi hutolewa kwa kostiki soda wanayotumia watengeneza sabuni, na mikono ivae glavu. Vyombo vya kusubu vilivyotokana na pistoni za injini vina silikoni nyingi, na hutoka vikiwa vya kijivu cheusi hata fundi awe hodari kiasi gani. Alama za vidole zinazojitokeza baada ya rangi ni mafuta tu: maji yakijikusanya matone juu ya kipande badala ya kutanda, hakijasafishwa.

Rangi ikishaingia, vitundu huzibwa kwa maji yanayochemka. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 96 tu, kwa hiyo yasiwe ya kufuka mvuke tu, yachemke kwelikweli kwa nusu saa. Anayekisuuza kipande kwa maji ya moto kabla ya rangi amekwisha kuvifunga vitundu bila kujua, na huenda mwandishi yule anafanya hivyo.

Nakuomba Mhariri usilipunguze hili la mwisho. Kazi hii ifanyike nje, mbali na moto na sigara, kwa kuwa upande wa hasi hutoa haidrojeni, na macho yakingwe kwa miwani. Asidi iliyochoka imebeba aluminiamu iliyoyeyuka, ambayo katika maji yenye uchachu huua samaki. Itiwe magadi soda kidogo kidogo mpaka iache kutoa povu, tope litakalotuama likusanywe kando, na isimwagwe kwenye mtaro unaoelekea Mto Mirongo, kwa maana mto huo unaishia ziwani.

Fundi na msomaji wako,
Nyakato, Mwanza