Yufoniamu ya zamani ikitoa sauti ya juu kuliko kinanda, usiiuze bado

Malalamiko yanayotufikia karakanani kila mara kutoka bendi za makanisa na shule ni haya: stoo kuna yufoniamu kuukuu (ala kubwa ya shaba ya kupuliza) ya kampuni ya Boosey, pistoni zake zinashuka na kupanda vizuri, sauti nene na tamu, lakini ikipigwa pamoja na kinanda sauti yake iko juu. Mpigaji anavuta bomba la kutunia, lile la kurekebishia sauti, mpaka linakaribia kuchomoka, na bado iko juu. Mwishowe mtu anashauri iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Tafadhali msiiuze. Ala hiyo haijaharibika, imetengenezwa hivyo. Bendi za Uingereza za ala za shaba, pamoja na zile za Jeshi la Wokovu, zilishikilia kipimo cha juu, noti ya A ikiwa karibu hezi 452 (mitetemo 452 kwa sekunde), mpaka miaka ya 1960. Kinanda cha leo kina A ya hezi 440. Tofauti hiyo ni kama robo toni, na waumini wote wanaisikia hata wasiojua muziki.

Kuishusha ni kazi ya hesabu. Bomba la yufoniamu likinyooshwa lina karibu mita 2.7. Ili sauti ishuke hadi hezi 440, urefu huo unahitaji kuongezeka kwa asilimia 2.8 hivi, yaani sentimita 7 na nusu. Kwa kuwa bomba la kutunia lina miguu miwili, kila mguu unarefushwa kama sentimita 4. Wengi huishia hapo, na ndipo wanapokosea, maana vitanzi vya pistoni, yaani vibomba ambavyo upepo hupita pistoni ikibonyezwa, navyo virefushwe kwa asilimia ileile. La sivyo noti zisizobonyezwa zitakaa sawa na zile za kubonyeza zitabaki juu.

Sasa geuza ala, utazame nyuma ya pistoni. Ukikuta vitanzi vidogo vya ziada, na kengele (mdomo mpana wa ala) imechongwa maneno “Compensating Pistons”, umeshika kazi ya David James Blaikley, aliyebuni mfumo huo katika kampuni ya Boosey jijini London mwaka 1874. Pistoni ya kwanza huongeza karibu sentimita 33 za bomba, ya tatu karibu 51. Ukizibonyeza pamoja unapata 84, lakini noti inataka 90. Zinapungua 6, ndiyo maana kwenye ala za kawaida noti hiyo hupanda. Blaikley aliurudisha upepo: pistoni ya tatu ikibonyezwa, upepo hupita kwenye kitanzi chake, kisha hurudi kupitia pistoni ya kwanza na ya pili mara nyingine, na humo huokota urefu uliopungua kwenye vile vitanzi vidogo. Tumeshaletewa ala ambazo fundi alivikata vitanzi hivyo na kuziba matundu, akidhani ni mapambo. Inauma kuona hivyo.

Jambo jingine linalowatia watu hofu ni mstari mwembamba ndani ya kengele, wenye rangi tofauti kidogo, wakati mwingine wa meno meno. Huo si ufa. Kengele ilikatwa kutoka bamba la shaba ya njano, kingo zikaunganishwa kwa moto, kisha ikagongwa kwa nyundo juu ya chuma chenye umbo lake, ikipashwa moto tena na tena ili isipasuke. Mabomba ya kukunja nayo yalijazwa lami au risasi iliyoyeyushwa yasije yakabonyea kwenye kona. Ukipitisha kidole juu ya mshono ule utausikia kwa taabu, na mimi naona ndio uzuri wa kazi yenyewe.

Pistoni zina namba, 1 hadi 3, na kila moja ilisagwa ndani ya silinda yake mwenyewe. Usizibadilishane, wala usizipige msasa zikikwama. Zikishalegea upepo unavuja, na kuzirudisha ni gharama kubwa. Pia angalia felti, vile vipande laini vinavyoipokea pistoni inaposhuka na kupanda. Tunakuta vipande vya kandambili vimewekwa badala yake, pistoni inasimama juu kuliko inavyotakiwa, matundu hayalingani, na sauti inakuwa kama imezibwa. Felti mpya ni bei ndogo sana.

Sisi hurefusha mabomba kwa lehemu laini ya bati na risasi, inayoanza kuyeyuka chini ya nyuzijoto 200. Usimpelekee fundi wa mageti. Moto wake utaachanisha viungo vyote vya jirani.

Kabla ya kuileta, tutumie picha ya maandishi ya kengele na ya upande wa nyuma wa pistoni. Ikiandikwa Boosey & Co. bila jina la Hawkes, kwa kawaida ni ya kabla ya 1930, kampuni hizo mbili zilipoungana. Bomba lililokwama liacheni lilivyo, msilivute kwa koleo. Na leteni kila kipande, hata kilichovunjika.