Pedi yako ya Xbox sijaitawaza

Ngamiani, Tanga

Swahiba wangu,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo, mvua zinanyesha, umeme unakatika na kurudi, biashara inakwenda hivyohivyo. Boksi ulilompa shemeji limefika salama kutoka Maskati na halikupungua kitu. Watoto walijazana wakidhani umeleta halua. Walipoona ni pedi kuukuu za kuchezea gemu, nyingine ina mikono mitatu, wakatawanyika mmoja mmoja.

Kilichoniudhi ni kile kikaratasi ulichokiweka juu: "Pedi bora kupata kutokea ni ya Xbox 360, mjadala umefungwa." Umefungwa na nani? Wewe unacheza sebuleni, kiyoyozi kinapuliza, pedi ileile mkono uleule miaka nenda miaka rudi. Mimi fundi wa pedi zinanifikia mezani zikiwa zimeshapita mikononi mwa mtaa mzima, zina jasho, zina mafuta ya chipsi mayai kwenye maungio. Hukumu zetu zitafanana vipi? Sasa kaa nikujibu.

Kwanza nikupe haki yako. Pedi ile ya Xbox 360, mashine ya Microsoft ya 2005, inajaa kiganjani vizuri, hilo silikatai. Kuweka analogi ya kushoto (kile kijiti cha kusukuma kwa kidole gumba) juu na mishale (vitufe vya pande nne) chini ni akili, maana kidole gumba kikipumzika kinaangukia palepale. Na vile vifyatuo vya nyuma, ukikiminya nusu gari linavuta nusu, ukikimalizia linaondoka. Kwa mbio za magari sina ninalobisha. Tena ukikumbuka walikotoka, wamejitahidi sana: pedi ya Xbox ya kwanza ya 2001, ile iliyobandikwa jina la Duke, ilikuwa pande la pedi, hata Wajapani wakatengenezewa ndogo yao, na hiyo ndogo ndiyo ikaja kutumika kwingine kote.

Lakini mishale! Wameweka sahani ya duara, juu yake msalaba. Unabonyeza juu, huna hakika kama utapata juu au juu-kushoto. Microsoft wenyewe mwaka 2010 walitoa pedi nyingine ya 360, ukiizungusha ile sahani mishale inainuka. Nani anatafuta dawa ya ugonjwa asiokuwa nao? Utaniambia mishale siku hizi ni ya kuchagua silaha tu. Kwako wewe. Sisi mpira tuliucheza kwa mishale, na unajua hivyo kwa sababu ulikuwepo.

Unakumbuka kibandani, PS2 moja (PlayStation ya pili ya Sony), benchi moja, anayefungwa anaachia pedi. Sidii zilikuwa Winning Eleven za Kijapani, gemu la mpira ambalo nje ya Japani liliitwa PES, menyu zote maandishi tusiyoyasoma, na kila mtoto alijua kwamba kukubali ni duara. Kwa Wajapani duara ni ndiyo na msalaba ni hapana, na ndivyo alivyokusudia Teiyu Goto alipobuni zile alama za pedi ya PlayStation ya 1994. Pembetatu aliifanya kichwa, yaani upande mchezaji anaotazama, na mraba ni karatasi. Nje ya Japani msalaba ukageuzwa kuwa ndiyo wa kukubali, hadi Japani yenyewe ikaufuata ilipotoka PS5 mwaka 2020. Sisi tulikuwa tumeshafuzu kote kuwili bila mwalimu.

Kisha akaja mtu na FIFA, gemu jingine la mpira. Vurugu ile! Kwenye PES mraba ni shuti na duara ni krosi, kwenye FIFA ni kinyume chake. Umebaki wewe na kipa, kidole kinakwenda kulekule kilikozoea, mpira unapaa unatokea upande wa pili, na benchi zima linakuzomea. Mpaka leo jambo la kwanza kabla ya mechi ni mtu kuingia kwenye mipangilio abadilishe vitufe, huku mwenzake akilalamika kwamba muda wake unaliwa.

Kwa hiyo mimi taji nalipeleka kwa DualShock 2, pedi ya PS2 ya mwaka 2000. Najua utasema ni DualShock ya 1997 iliyopakwa rangi nyeusi. Umbo ni lile, kweli. Analogi zote mbili ziko chini, na mwenye vidole vinene vinagongana pale katikati. Ila mishale yake, rafiki yangu, juu inaonekana vipande vinne vilivyotengana, ukiifungua unakuta ni kipande kimoja cha plastiki kinachoyumba juu ya raba. Kubonyeza kushoto na kulia kwa mpigo huwezi hata ukitaka, na zile nafasi kati ya vipande zinakiambia kidole kiko wapi bila kutazama. Zile chenga zako za kugeuka papo kwa papo pembeni ya boksi la penalti ulizipiga kwa mishale hiyo. Jaribu kuzipiga kwenye sahani yako ya Xbox halafu uniandikie.

Kuna jambo wengi wa kibandani hawakulijua: vitufe vya pedi ile karibu vyote vinapima nguvu ya kidole. Kwenye Gran Turismo 3 ukiminya msalaba kidogo gari linakwenda kidogo. Kwenye Metal Gear Solid 2 ukiuachia mraba taratibu bunduki inashushwa bila kufyatuka. Sony waliliacha jambo hilo walipofika PS4, na sioni kama tumepata hasara. Dakika ya 89, mmefungana moja moja, nani ana utulivu wa kupima nguvu ya kidole gumba?

Ya PS3 ilirithi upimaji uleule. (Pedi yake ya kwanza, Sixaxis ya 2006, haikuwa hata na mtetemo, Sony wakiwa mahakamani na kampuni ya Immersion, mtetemo ulirudi na DualShock 3 mwaka 2007.) Ndani yake kuna karatasi ya plastiki iliyochorwa njia za umeme, na kisponji kidogo kinaibana hiyo karatasi kwenye bodi. Kisponji kikilala kwa uzee mbano unalegea, vitufe vinaanza kujibonyeza vyenyewe. Mteja anakuja anaapa kwamba pedi ina jini. Nafungua, nafuta kwa spiriti, nakata kipande cha kadi ya vocha iliyokwishakwanguliwa, nakipachika nyuma ya sponji, nafunga. Jini limetoka, na mganga amelipwa.

Sasa nije kwenye boksi lako. Hiyo ya mikono mitatu, Nintendo 64 ya 1996, nilikuwa naijua kwa picha tu. Unashika mkono wa kati na wa kulia, wa kushoto unabaki hauna kazi, na kidole cha shahada kinakutana na kitufe cha Z huko mgongoni. Nimeifungua. Ndani ya analogi kuna vigurudumu viwili vyenye matundu, mwanga unapita kwenye matundu, bodi inahesabu hatua. Nilikaa nikivitazama, chai ikapoa. Ila shina la analogi linasimama ndani ya bakuli la plastiki na linajisugua humo kila ukilizungusha, kwa hiyo pedi iliyochezwa sana unakuta bakuli limejaa unga mweupe. Nimeupangusa kwa kipande cha kanga. Unga huo ndiyo plastiki yenyewe iliyosagika, sina namna ya kuirudisha, na analogi imelegea. Hii nimeiweka kwenye shelfu itazamwe. Ulijua kwamba gemu moja la mashine hiyo, Mario Party, liliwachubua watoto viganja kwa kuizungusha analogi kwa kasi, hadi Nintendo wakakubali mwaka 2000 kugawa glavu huko Marekani? Glavu za kuchezea gemu!

Ya GameCube, mashine nyingine ya Nintendo, sitakaa nayo sana. Kitufe cha A kikubwa cha kijani katikati, vingine vimekizunguka, kidole hakipotei. Analogi inatembea ndani ya tundu la pembe nane, kwa hiyo ukisukuma pembeni inatulia mahali pake. Wachezaji wa gemu la Super Smash Bros. hawakukubali ife, na mwaka 2018 ikatolewa tena kwa ajili ya Switch, mashine ya Nintendo ya baadaye. Kwa mpira wetu haifai, mishale yake ni ya vidole vya mtoto wa chekechea.

Lakini hii ya Dreamcast, mashine ya Sega! Umeitupia chini kabisa ya boksi, imefungwa kwenye gazeti, wala hukuiandikia neno. Ni ya 1998. Kwa umbo siisifu: waya wake unatokea chini, upande wa tumbo la mchezaji, na analogi ni moja tu. Nikachukua bisibisi nikaifungua, nikamwita kijana wangu wa kazi aje aone. Shina la analogi limebeba sumaku, na kwenye bodi kuna vihisio vinavyosoma sumaku imeelekea wapi. Hakuna kinachogusana. Hakuna kinachosagika.

Unajua maana yake kwa mtu wa kazi yangu? Pedi nyingi mno zilizofuata, ukifungua analogi unakuta vijumba viwili pembeni, na ndani ya kila kimoja ulimi wa chuma unaotembea juu ya njia ya kaboni. Kila ukikimbia na mchezaji wako unakwangua kaboni kidogo. Siku njia ikichimbika, pedi inadhani unasukuma wakati hujaigusa, beki anatembea mwenyewe anaacha nafasi, unafungwa goli la aibu, pedi inatupwa ukutani, kesho yake iko mezani kwangu. Hata zile pedi za Joy-Con za Switch za 2017, ambazo analogi yake ni bapa na imeundwa kivingine, zimevuma dunia nzima kwa ugonjwa huohuo. Na dawa ilikuwepo tayari mwaka 1998! Sega waliacha kutengeneza mashine mwaka 2001, na sumaku zao zikaenda nao. Ni sasa tu ndipo zimerudi kwa wingi, analogi za sumaku za kampuni kama GuliKit. Unaing'oa ile ya kaboni, unalehemu hii, unapima upya kitovu, umemaliza. Kazi ni ya kuchosha, miguu ni mingi na bodi ikipata moto kupita kiasi njia zinabanduka, lakini mteja wa namna hiyo harudi na malalamiko yaleyale.

Ya PS5 najua utaniuliza, maana mwanao anayo. Ni pedi ya kupendeza, na ndani yake kuna ufundi mwingi kuliko redio nzima. Kila kifyatuo kina kimota na gia zake zinazokisukumia kidole chako, ndiyo maana ukivuta upinde unaukuta unakaza. Wateja wangu wanazima hiyo habari dakika ya kwanza. Kwenye FIFA R2, kifyatuo cha nyuma kulia, ndiyo mbio, na hakuna anayetaka kitufe cha mbio kimgomee eti mchezaji amechoka. Kilichonivutia mimi ni ile DualSense Edge ya 2023, ambayo analogi inachomolewa kwa mkono na kupachikwa mpya bila kulehemu. Bei yake sitaitaja hapa, nisije nikaharibu barua.

Na kwa kuwa mimi ni mtu wa haki, nikuongezee pointi moja ambayo hukuiomba. Pedi za kawaida za Xbox zisizo na waya, mpaka hizi za 2020, bado zinakula betri za dukani, mbili za AA. Watu wanazicheka. Mimi siwacheki. Betri ikifa unanunua dukani kwa Mpemba, unapachika, unaendelea. Betri ya chaji iliyofungiwa ndani ikichoka lazima pedi ipasuliwe, na tundu la chaji likivunjika ndiyo mwenye kibanda anarudi kwenye pedi ya waya huku akiwatukana waliovumbua zisizo na waya.

Basi, mambo ya kutekeleza. Ya GameCube nitaisafisha nikurudishie. Ya Nintendo 64 niachie hapo kwenye shelfu. Ya Dreamcast usahau, hiyo sasa ni yangu, nimeshaiandika jina. Huko Maskati ukikuta analogi za sumaku za pedi za PS4 na PS5 kwa bei ya jumla, nichukulie dazeni mchanganyiko, pesa nitampa mama hapa Tanga. Usikubali kuuziwa za kaboni kwa jina la sumaku: ya kweli ukikivua kile kifuniko cha pembeni unaiona sumaku kwa macho. Na pedi nzima usininunulie, zinanijia za kutosha zikiwa zimevunjika.

Ukija likizo tutaumaliza ubishi kwa mechi. PES, mishale tu, DualShock 2 mbili zisizo feki ninazo kwenye droo. Chagua timu kwanza, na ukitaka hata goli moja la kuanzia nakupa.

Wasalimie wote nyumbani, na mama watoto mwambie kashata alizoagiza, shemeji atarudi nazo.

Wako,
Fundi