Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Muuguzi aruhusiwe kurekebisha dozi

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa muuguzi wa kliniki ya presha na moyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa magonjwa ya moyo na mishipa ya damu yaliua watu milioni 17.9 mwaka 2019, na kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye shinikizo la juu la damu hawajui kuwa wanalo. Wengi hujulikana wakiwa wameshapooza upande mmoja au wamebanwa na kifua. Muuguzi anaweza kuwawahi, kwa sababu hukutana nao hata siku waliyofuata dawa ya kikohozi tu.

Kupima presha kunaonekana kazi ndogo, lakini kuna masharti yake. Mgonjwa atulie dakika 5 bila kuzungumza, aegemee kiti, asikunje nne, mkono uwe usawa wa moyo. Mkanda wa kipimo unaofungwa mkononi nao ulingane na mkono, maana ukiwa mdogo kwa mtu mwenye mkono mnene hutoa namba ya juu kuliko hali halisi, na mtu anaweza kuanzishiwa dawa asizozihitaji. Foleni ikirefuka, dakika hizo 5 ndizo za kwanza kupotea. Tuongezewe watu, na kila kituo kiwe na mikanda ya saizi mbalimbali.

Kinachoniuma zaidi ni wagonjwa ambao moyo wao hausukumi damu ipasavyo. Tunawafundisha kupima uzito kila asubuhi, wakishatoka chooni na kabla ya kula. Uzito ukipanda kilo 2 ndani ya siku 3, mara nyingi ni maji yanayojikusanya mwilini. Mgonjwa asiposaidiwa, miguu huvimba, na usiku hawezi kulala mpaka ajiinue kwa mito. Akitueleza mapema, mara nyingi kuongezewa dawa ya kutoa maji kunatosha, na hahitaji kulazwa. Lakini mahali pengi muuguzi aliyeona hatari hana ruhusa ya kugusa dozi. Mgonjwa anaambiwa asubiri siku ya daktari, na siku hiyo anafika akihema.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kuwa wauguzi waweze kutoa dawa za presha, mradi wamefunzwa, wana mamlaka ya kuandika dawa, wanafuata mwongozo na wanasimamiwa na daktari. Naomba utoe mwongozo wa namna hiyo, wenye nguvu ya kisheria, na uguse pia ugonjwa wa moyo kushindwa kusukuma damu. Watoto waliougua homa ya rumatiki nao wasiachwe: sindano yao ya penisilini ya kila wiki 3 au 4 isikose katika duka letu la dawa, kwani wakiikosa vali za moyo, yaani milango inayopitisha damu, huzidi kuharibika.

Nasi tuko tayari kukaguliwa. Kila robo mwaka, kila kituo kitangaze ni wagonjwa wangapi presha yao imeshuka chini ya 140/90, na wangapi wamepotea kliniki bila kufuatiliwa.

Wako katika kazi,
Muuguzi wa kliniki ya presha na moyo